Boksi la sabufa lipimwe kwa lita, si kwa nafasi iliyobaki kwenye buti

NDUGU Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na mafundi seremala, mafundi umeme wa magari, na vijana wanaojifunza kufunga muziki wa gari wenyewe nyumbani. Lalamiko lao ni lilelile kila siku: sabufa ni kubwa, amplifaya ni kubwa, lakini besi haina uzito, au inavuma noti moja tu wimbo mzima. Dawa wanayopewa karibu kila mara ni kuongeza wati. Wanaongeza, koili (ule waya uliozungushwa unaosukuma koni) inaungua, wananunua sabufa nyingine na kuirudisha kwenye boksi lilelile. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye boksi, na usipokuwa kwenye boksi uko kwenye nyaya.

Sabufa ni nusu ya kifaa. Nusu ya pili ni hewa iliyo nyuma ya koni. Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inanyonya, na pasipo na kizuizi mawimbi ya nyuma huzunguka ukingo na kuyafuta ya mbele. Ndiyo maana sabufa iliyoshikwa mkononi hutoa mlio wa kikaratasi hata ikipewa wati ngapi. Boksi hutenga pande hizo mbili, na hewa iliyofungiwa ndani hugeuka springi inayoirudisha koni mahali pake. Boksi likiwa dogo, springi ni ngumu: besi ya chini kabisa inapotea na masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde, inayopimwa kwa Hezi) ya juu kidogo yanavimba, ukasikia ule mvumo wa noti moja. Likiwa kubwa kupita kiasi, springi ni laini, koni inasafiri mno, na kwenye sauti ya juu koili hugonga bamba la nyuma kwa mlio wa "tak" ambao kila fundi anaufahamu.

Ukubwa unaofaa haubahatishwi. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha hesabu za maboksi yenye tundu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Richard Small akazikamilisha na kuzipanua. Tangu hapo watengenezaji wa maana huambatanisha na spika karatasi ya vipimo. Vitatu ndivyo vya kwanza kutazamwa: Fs, masafa ambayo koni hupenda kutikisika ikiwa huru, Qts, jinsi spika inavyojizuia yenyewe isiendelee kutikisika, na Vas, lita za hewa zenye ulaini sawa na ule wa kishikio cha koni. Spika isiyo na karatasi hiyo ni ya kubahatisha, hata kama imeandikwa wati 2,000 kwa herufi za dhahabu.

Tuchukue sabufa ya inchi 12 yenye Fs ya Hezi 30, Qts 0.45 na Vas lita 60. Tunataka boksi lililofungwa pande zote, lenye mlio ulionyooka, ambao kwa hesabu ni Q (kipimo kile cha kujizuia, sasa spika ikiwa ndani ya boksi) ya 0.707. Gawanya 0.707 kwa 0.45, upate 1.571. Izidishe kwa yenyewe, 2.468. Toa 1, inabaki 1.468. Gawanya Vas kwa namba hiyo: 60 kwa 1.468 ni karibu lita 41. Basi, hilo ndilo boksi lake, na masafa yake yatakuwa 30 mara 1.571, yaani Hezi 47. Spika hiyohiyo ukiiweka kwenye lita 20 kwa sababu buti ni finyu, Q inapanda hadi 0.9 na masafa hadi Hezi 60. Kwenye lita 12, Q ni 1.1 na masafa ni Hezi 73. Hakuna amplifaya itakayorudisha kile kilichopotea hapo. Mwenye nafasi ya lita 20 tu atafute sabufa ya inchi 8 au 10 inayotaka lita 20. Itampa besi nzuri kuliko ile ya 12 iliyobanwa.

Kwa anayejenga mara ya kwanza, ushauri wangu ni boksi lililofungwa. Linasamehe. Ukikosea lita mbili tatu hutasikia tofauti kubwa, na chumba cha gari chenyewe kinaongeza nguvu kwenye masafa ya chini kabisa, kwa hiyo mteremko wa boksi lililofungwa unasawazishwa kwa sehemu bila gharama. Ukikuta ni dogo kidogo, jaza pamba ya polista iliyochambuliwa, bila kuishindilia. Boksi litatenda kazi kama lililokua kidogo.

Boksi lenye tundu, lile la bomba, hutoa sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile karibu na masafa liliyopangiwa, ila halisamehi. Njia ya haraka ya kujua spika inafaa wapi ni kugawanya Fs kwa Qes, namba nyingine iliyomo kwenye karatasi. Ikija chini ya 50, ifungie. Ikizidi 100, itobolee. Katikati, chagua mwenyewe.

Urefu wa bomba ndiko wengi wanakoharibu. Hesabu yake, kwa sentimita na lita, ni hii: 23,562 mara kipenyo cha ndani mara kipenyo hichohicho, gawanya kwa masafa mara masafa mara lita za boksi, kisha toa 0.73 ya kipenyo. Kwa boksi la lita 50 safi, masafa Hezi 35 na bomba la plastiki la sentimita 10, jibu ni karibu sentimita 31. Vizuri. Lakini bomba la sentimita 10 kwa sabufa ya inchi 12 inayokula wati 500 ni jembamba; ukipandisha sauti hewa itapuliza "fuuu" kama mtu anayepuliza chupa. Ukisema uweke la sentimita 15, urefu unaruka hadi sentimita 76, na bomba hilo peke yake linameza zaidi ya lita 13 za boksi. Hapo ndipo fundi asiyepiga hesabu hukata bomba la sentimita 15 kwa urefu wa 30 "ili liingie", masafa yakapanda juu sana, na mteja akaondoka na boksi linalopiga kelele bila besi. Njia za uaminifu ni mbili: ama ubaki na bomba la 10, ukiwa umelainisha midomo yake kwa mviringo na kuvumilia mpulizo kidogo kwenye sauti ya juu kabisa, ama ujenge tundu la mstatili la mbao linalokunja kona ndani ya boksi kubwa zaidi.

Neno "safi" hapo juu lina uzito wake. Lita 50 safi ni hewa inayobaki baada ya kila kitu kuingia. Sumaku na fremu ya spika vinakula kama lita 2.5, bomba la sentimita 10 kama lita 3 ukihesabu na ukuta wake, vipande vya kukazia ndani lita 1.5. Kwa hiyo ndani pawe na lita 57. Sentimita 60 kwa 38 kwa 25 zinatoa 57 kamili. Kwa MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18, kata mbele na nyuma 63.6 kwa 41.6, ubavu mbili 41.6 kwa 25, juu na chini 60 kwa 25. Ubao wa mbele uwe mara mbili, kwani ndio unaobeba spika. Ule wa pili ubandike kwa nje, maana ukiubandika ndani unameza lita nne na hesabu yote inaharibika. Bomba litokee ubavuni, na spika isogezwe upande wa pili wa boksi, ili mwisho wa bomba usiguse sumaku na uwe mbali na ukuta unaouelekea angalau kwa kipenyo chake kimoja.

Kuhusu mbao niseme kwa ufupi. MDF ni nzito na haina mlio wake. Plaiwudi ya tabaka nyingi ni nyepesi, ngumu na inastahimili unyevu zaidi. Ubao wa chembechembe, ule wa makabati ya bei nafuu, ukipata maji mara moja unavimba na skrubu zinang'oka, usiutumie. Milimita 12 ni nyembamba kwa inchi 12. Ukuta unapumua, na kila ukuta unaopumua unapoteza besi. Ukiupigapiga kwa vidole ukasikia ngoma, ongeza kipande cha kukazia katikati.

Kiungo kinashikwa na gundi; skrubu zinakibana tu hadi gundi ikauke. Paka gundi ya mbao kingo nzima, toboa kwanza kwa keekee ya milimita 3 kabla ya kuingiza skrubu ya 4 kwa 50, na weka skrubu moja kila sentimita 15. Usipotoboa, MDF hupasuka kwenye ukingo na ufa huo huwa mlango wa hewa. Acha saa 24. Kisha ziba kona zote kwa ndani kwa silikoni, na boksi likae wazi siku nzima nyingine kabla ya kufunga spika, kwa sababu mvuke wa silikoni yenye harufu ya siki si rafiki wa gundi na mpira wa koni. Chini ya fremu ya spika weka ukanda wa sponji.

Kujua kama linavuja ni rahisi kwa lililofungwa: sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa pande zote sawa, kisha achia. Ikirudi polepole, boksi limeshika. Ikiruka mara moja, kuna upenyo, na mara nyingi upo pale terminali za waya zinapopita. Lenye bomba halipimwi hivyo. Hilo lipigie mlio wa Hezi 40 kwa sauti ya wastani na upitishe moshi wa ubani kwenye viungo. Moshi ukiyumba, hapo ndipo.

Bomba pia lijaribiwe kabla ya kugundishwa. Likate sentimita 33 badala ya 31, lishikilie kwa utepe, halafu piga milio ya chini moja baada ya nyingine, kutoka Hezi 45 kushuka hadi 28, kwa sauti ndogo, ukiitazama koni. Pale inapotikisika kidogo kuliko kwingine huku upepo ukitoka kwa nguvu kwenye bomba, hayo ndiyo masafa halisi ya boksi. Yakiwa chini ya uliyotaka, punguza bomba nusu sentimita kwa nusu sentimita. Chini ya masafa hayo hewa haiishiki tena koni. Inatembea kama haina boksi. Kwa hiyo amplifaya ya boksi la Hezi 35 lazima iwe na chujio la kukata masafa ya chini kabisa, nalo liwekwe Hezi 28 hadi 30. Spika nyingi zilizopasuka mpira kwenye maboksi ya bomba zimekufa kwa kukosa hilo.

Sasa nyaya, Mhariri, na hapa si suala la utamu wa muziki peke yake, maana gari linaweza kuungua. Amplifaya ya wati 500 halisi, ya aina ya D, hupoteza kama sehemu moja ya tano kuwa joto, kwa hiyo inavuta wati 625 hivi. Kwa voti 13.8 hizo ni ampea 45. Waya wa shaba wa milimita za mraba 16, urefu wa mita 5 kutoka betri hadi buti, utapoteza robo voti. Waya wa 6 utapoteza theluthi mbili za voti na kupata moto. Sokoni kuna nyaya nene za alumini iliyopakwa shaba. Zinapitisha umeme kwa karibu theluthi mbili tu ya shaba halisi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, ni alumini. Si marufuku kuutumia, lakini panda saizi.

Fyuzi ya ampea 60 ikae kwenye waya wa chanya karibu na betri, isizidi sentimita 45. Kazi yake ni kuukinga waya, na wala si kuikinga amplifaya. Fyuzi iliyofungwa buti, karibu na amplifaya, inaacha mita tano za waya usio na ulinzi zikipita chini ya kapeti na vyuma vya viti. Siku ngozi yake itakapokwaruzwa ukapiga shoti kwenye bodi, betri nzima itamwagia nguvu zake hapo. Unapopenya ukuta wa injini, weka pete ya mpira, kwani chuma kilichotobolewa ni kisu.

Waya wa hasi uwe mfupi, nusu mita inatosha, unene uleule wa chanya. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, kaza kwa bolti na washa zenye meno, kisha paka grisi juu. Usitumie bolti ya mkanda wa usalama. Ili kujua kama ethi hiyo (muungano wa hasi na bodi) ni nzuri, muziki ukipiga kwa nguvu pima voti kati ya terminali ya hasi ya amplifaya na hasi ya betri. Ikizidi voti 0.2, rudia. Ule mluzi unaopanda injini inapokanyagwa mafuta nao mara nyingi hutokana na ethi mbovu, au na waya wa RCA (unaoleta muziki kutoka redio hadi amplifaya) uliolazwa sambamba na waya wa umeme mkubwa. Pitisha huu kushoto na ule kulia.

Wengi huuziwa kapasita ya faradi 1 kama tiba ya taa kufifia besi inapopiga. Hesabu haikubali. Kapasita hiyo ikishuka kutoka voti 14 hadi 12 inatoa jouli 26. Kwa amplifaya inayovuta wati 625 hiyo ni akiba ya sehemu nne za mia za sekunde. Pesa hiyo ipelekwe kwenye waya mnene kati ya alternata na betri, na kwenye ethi ya injini.

Kabla ya kuunganisha spika, pima koili. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 ukiziunga sambamba inakuwa omu 2, ukiziunga mfululizo inakuwa omu 8. Mita itaonyesha pungufu kidogo, kama 3.4 kwa kila koili, na hiyo ni kawaida. Amplifaya iliyoandikwa mwisho omu 2 usiipe omu 1 ati ipige zaidi. Itapiga zaidi kwa wiki moja.

Kisha geini. Kile kitufe si cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha nguvu ya redio na ya amplifaya, na kukizungusha hadi mwisho hakuongezi wati hata moja. Kunaleta mawimbi yaliyokatwa vichwa. Wimbi lililokatwa kabisa likawa mraba hubeba hadi mara mbili ya nguvu ya wimbi laini la kimo kilekile, na koili hugeuza nyongeza hiyo kuwa joto. Harufu ya gundi inayoungua ndiyo taarifa yake. Kwa hiyo zima nyongeza zote za besi, weka ekolaiza katikati, chomoa nyaya za spika, piga mlio wa Hezi 50 uliorekodiwa kwa kimo cha juu, pandisha redio hadi robo tatu ya sauti, na pima voti za AC kwenye matokeo ya amplifaya. Hezi 50 nachagua kwa makusudi, kwani mita za kawaida zimetengenezwa kwa masafa ya umeme wa nyumbani. Zidisha wati kwa omu na utafute kipeuo cha pili: 500 mara 2 ni 1,000, kipeuo chake ni voti 31.6. Pandisha geini polepole hadi mita isome hapo, kisha usiiguse tena. Kama spika inastahimili wati 300, tumia 300 katika hesabu.

Krosova (chujio linalogawa masafa kati ya spika) ya sabufa iwe Hezi 80, na spika za milango nazo zikatwe chini ya 80 ili zipumue. Ukikuta besi inapotea unapokaa kiti cha dereva lakini ipo ukisimama nje, geuza swichi ya fezi, ile inayogeuza mwendo wa koni, mbele ikawa nyuma. Kabla ya hapo hakikisha hakuna spika iliyofungwa kinyume: gusisha betri ndogo ya voti 1.5, chanya kwa chanya, koni lazima iruke mbele.

Boksi nililolieleza lina kilo 17 au 18 za mbao, na likishabeba spika linafika kilo 25. Lifungwe kwa bolti au mikanda ya chuma kwenye bodi. Kwenye gari lisilo na ukuta kati ya buti na viti, breki moja ya ghafla inalituma mgongoni mwa aliyekaa nyuma, naye huenda ni mtoto.

Ombi langu kwa mafundi ni la dakika moja. Ukimaliza boksi, kabla ya kulivalisha kapeti, andika kwa kalamu ya wino usiofutika mgongoni mwake: lita safi, masafa ya bomba kama lipo, omu za koili zilivyounganishwa, voti ulizoweka kwenye geini, na tarehe. Mwenye gari akibadilisha spika baada ya miaka mitatu, au akihamia kwa fundi mwingine, atakayelifungua atajua anachoshughulika nacho. Na mteja naye, akienda kuchukua kazi yake, aulize lita. Fundi asiyeweza kutaja namba hiyo alijenga kabati, arudishiwe akapime.

Wako,
Mjenzi wa maboksi ya spika